Kachero wa FBI, malengo 45, na namba 43 iliyopotea njiani

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa vijana kanisani kwetu hapa Mwanza. Kwenye grupu letu la WhatsApp umeingia ujumbe mrefu unaosema kachero wa FBI aliyekuwa karibu na mkuu wake, J. Edgar Hoover, alifichua mwaka 1958 malengo 45 ya siri ya wakomunisti: kuvunja ndoa, kuondoa sala mashuleni, kuteka makanisa na magazeti. Unasema malengo hayo yamo kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge la Marekani na kwamba karibu yote yameshatimia. Wazee wanataka tuyasome kwenye semina ya mwezi ujao. Mimi nasita, lakini nikijiuliza nakwama: mtu wa FBI si anajua mambo ya ndani? Je, orodha hii ni ya kweli?

Jibu: Marahaba, katibu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nianze na yaliyo kweli, maana ni mengi. Mtu huyo alikuwepo. FBI alifanya kazi. Orodha ni yake, na kwenye kumbukumbu za Bunge la Marekani imo mpaka leo. Ungekuwa uongo mtupu wazee wako wangeushtukia siku ya kwanza. Kinachohitaji kuangaliwa ni namna vipande hivyo vya kweli vilivyoshonwa pamoja mpaka vikatoa nguo isiyomfaa mtu.

Jina lake ni Willard Cleon Skousen. Alizaliwa Alberta, Kanada, mwaka 1913, akafariki Salt Lake City Januari 2006 akikaribia miaka 93. FBI aliingia mwaka 1935 akiwa tarishi, yule kijana wa kupeleka barua na mafaili kutoka mlango huu hadi mlango ule. Huku akibeba mafaili akawa anasomea sheria, na alipohitimu mwaka 1940 akapandishwa kuwa mpelelezi kamili. Mwaka 1951 akaacha kazi, akaajiriwa na chuo kikuu cha Wamormoni, kanisa lake, huko Utah. Miaka 16 anayotajiwa ni sahihi. Ila mitano ya mwanzo aliitumia kwenye korido.

Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia neno FBI tunakumbuka Agosti 1998, wale Wamarekani waliokuja Nairobi na Dar es Salaam baada ya mabomu ya balozi, wakawa wanachekecha vifusi kwa mikono kutafuta vipande vya gari. Picha hiyo imetukaa, na haikukosea. Lakini shirika kama lile lina masjala, lina wahasibu, lina watu wa mafunzo na wa mawasiliano, na wote wakistaafu wanaitwa "wa zamani wa FBI". Kumbukumbu za FBI kumhusu Skousen, ambazo watafiti walikuja kuzipata kwa kutumia sheria ya Marekani ya haki ya kupata habari, zinaonyesha kazi zake nyingi zilikuwa za kiutawala. Dawati la kufuatilia wakomunisti halikuwa lake, wala hakuna humo ule ukaribu na Hoover ambao ujumbe wako unauimba.

Chukua mtu aliyekaa miaka 16 kwenye masjala ya hospitali ya rufaa. Hospitali anaijua. Atakuambia daktari gani hachelewi na faili la nani lilipotea mwaka gani. Siku akitoa kitabu kuhusu upasuaji wa moyo, utamuuliza kama aliwahi kushika kisu. Miaka yake hospitalini haitakutosha.

Kuna jambo jingine ambalo grupu lenu halikuambiwa. Kitabu chake kuhusu wakomunisti kilipoanza kuuzika, Wamarekani wa kawaida waliiandikia FBI kuuliza swali lile lile unaloniuliza mimi. Ndani ya ofisi, mwaka 1962, ikaandikwa kumbukumbu inayomweka Skousen kwenye kundi la watu wa mrengo mkali wa kulia ambao wamefanya vita dhidi ya ukomunisti kuwa njia ya kujipatia fedha. Na hiyo ilikuwa FBI ya Hoover, mtu ambaye sijawahi kusikia akituhumiwa kuwapenda wakomunisti.

Fedha zilikuwepo, tena nyingi. Oktoba 1957 Urusi ilirusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, na Mmarekani wa kawaida akawa anatazama juu usiku kwa hofu. Mwaka uliofuata, 1958, Hoover mwenyewe alitoa kitabu kuhusu hatari ya ukomunisti, kilichoandikwa na wasaidizi wake wa ofisini, kikauzwa kama maandazi ya moto. Mwaka huo huo mfanyabiashara wa peremende, Robert Welch, alianzisha John Birch Society, chama cha mrengo wa kulia cha kupinga ukomunisti, mjini Indianapolis. Mwaka huo huo Skousen akatoa cha kwake, The Naked Communist, ambacho baada ya muda kilipita nakala milioni moja. Wala hakuwa wa kwanza kutoka FBI na kugeuza beji kuwa duka. Mwaka 1947 wapelelezi watatu wa zamani walianzisha jarida la kufichua wakomunisti, na Juni 1950 wakachapisha orodha ya watu 151 wa redio na televisheni. Waliotajwa walikosa kazi. Kampuni zilizotaka kuhakikishiwa kwamba fulani ni "safi" zilikuwa zikilipa. Mwenzao mwingine, Dan Smoot, aliondoka FBI mwaka 1951 kama Skousen, naye mwaka 1962 akatoa kitabu cha kuonyesha kwamba Marekani inaendeshwa na serikali isiyoonekana. Soko lilikuwa na wachuuzi wengi, na bidhaa iliyokuwa na nembo ya FBI ilikuwa na bei nzuri kuliko isiyo nayo.

Nimtendee haki. Kati ya 1956 na 1960 Skousen alikuwa mkuu wa polisi wa Salt Lake City, na wapo waliomsifu kwa kazi hiyo. Meya J. Bracken Lee, mhafidhina wa kutupwa kama yeye, akamfukuza. Inasimuliwa kwamba askari wa Skousen walivamia mchezo wa karata ambao meya mwenyewe alikuwa amekaa mezani. Kama ndivyo, kwa hilo nampa tano.

Sasa orodha yenyewe. Wanaoitumatuma wanaizungumzia kama karatasi iliyoibwa kwenye kabati la chama huko Moscow. Haiko hivyo, na Skousen mwenyewe hakudai hivyo. Malengo 45 yamo kwenye toleo la 1961 la kitabu chake, na alieleza kwamba ameyakusanya kutoka kwenye ushahidi uliotolewa mbele ya kamati za Bunge na kwenye maandishi ya waliokuwa wakomunisti. Kwa maneno mengine, alikaa mezani akasoma, akaandika kwa kifupi alichodhani maadui wanakitaka. Yule tarishi wa zamani alifanya kazi ambayo mwalimu yeyote wa sekondari mwenye maktaba nzuri angeweza kuifanya. Si dhambi kuandika maoni. Ila hakuna hati ya chama nyuma ya lengo lolote unaloweza kuishika mkononi, ukaona tarehe na sahihi.

Na kumbukumbu za Bunge je? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, hata waliosoma. Tarehe 10 Januari 1963, mbunge wa Florida aitwaye A. S. Herlong aliomba orodha hiyo iingizwe kwenye kumbukumbu. Ukiufungua ukurasa huo utaona namba yake inaanza na herufi: A34. Herufi hiyo A ni ya kiambatisho. Huko nyuma ndiko wabunge wa Marekani walikokuwa wakiweka chochote walichotaka wapiga kura wao wakione: hotuba ya mahafali, tahariri ya gazeti la wilayani, shairi la kumsifu marehemu. Hakuna mjadala, hakuna kura, hakuna kamati iliyokaa kuchunguza. Herlong alisema wazi kwamba anaiweka kwa ombi la mkazi mmoja wa jimbo lake, na kwamba imetoka kwenye kitabu cha Skousen. Kwetu mbunge akisoma barua ya mpiga kura wake bungeni, barua itaingia kwenye Hansadi, na hakuna atakayesema Bunge limethibitisha yaliyomo. Lakini ondoa maelezo ya Herlong, acha maneno "kumbukumbu rasmi za Bunge la Marekani", na barua ya mpiga kura inageuka kuwa ripoti ya serikali.

Nakuja kwenye sababu iliyonifanya nichukue kalamu. Ujumbe wako unasema malengo ni 45. Nimehesabu, yaliyoandikwa kwa Kiswahili ni 17. Kuna aliyechagua. Amechukua ya ndoa, ya sala, ya makanisa, ya picha chafu, ya magazeti, kisha akarukia mwisho. Na kwa kweli ningekuwa mimi ninayetaka ujumbe huu upendwe Mwanza, ningefanya vivyo hivyo, maana orodha kamili ina namba 43, na namba 43 inasema hivi: kuangusha serikali zote za kikoloni kabla wenyeji hawajawa tayari kujitawala.

Isome tena polepole, katibu. "Wenyeji" hapo ni babu yako.

Toleo lile lilitoka mwaka 1961, mwaka ambao Desemba 9 bendera ya Uingereza ilishushwa Dar es Salaam. Herlong alipoiweka orodha kwenye kumbukumbu, Tanganyika ilikuwa jamhuri ya mwezi mmoja, Uganda ilikuwa huru tangu Oktoba, Kenya na Zanzibar zilikuwa bado zinasubiri Desemba ya mwaka huo. FRELIMO ilikuwa na miezi michache tu tangu iundwe Dar es Salaam. Kwa hesabu ya Skousen yote hayo yalikuwa njama. Mwalimu Nyerere alipokwenda New York Machi 1955 kuliambia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kwamba Tanganyika inataka kujitawala, kwa hesabu hiyo alikuwa anatekeleza lengo la Moscow, yeye Mkatoliki wa kwenda misa asubuhi. Wazee wanaotaka kuisoma orodha hii kwenye semina, baadhi yao bila shaka walikuwa watoto wakati wa Uhuru na wanakumbuka ngoma zilivyolia. Sidhani walijua kwamba wanacheza lengo namba 43.

Namba 7 pia haimo kwenye 17 zako. Inasema China ya kikomunisti itambuliwe na iingizwe Umoja wa Mataifa. Hilo lilitimia kweli, tarehe 25 Oktoba 1971, kwa kura 76 dhidi ya 35, nchi 17 zikijizuia. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele, na balozi wetu Salim Ahmed Salim, kijana wa miaka 29, alishangilia ukumbini kiasi cha kuwakera Wamarekani. Hawakusahau: mwaka 1981 alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja huo wakampigia kura ya turufu tena na tena. Lakini tazama kilichofuata baada ya ile kura. Februari 1972 Rais Richard Nixon, aliyejenga jina lake kwa kuwinda wakomunisti, alipanda ndege kwenda Beijing kupeana mikono na Mao. Ukitumia orodha kama kipimo, Nixon naye ni wao. Kipimo kinachomkamata Nixon na Nyerere kwa wavu mmoja nina shaka nacho.

Utaniambia: sawa Mwalimu, hayo ya siasa, lakini ya familia na sala yametimia au hayakutimia? Twende nayo, maana ndiyo yanayowagusa wazee, na hofu yao si ya kubeza. Ndoa zinavunjika, watoto wanalelewa na simu. Nani asiyeona?

Sala mashuleni ni namba 28. Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku sala iliyotungwa na serikali kwenye shule za umma Juni 1962, mwaka mmoja baada ya toleo lile, kwa hiyo inaonekana kama unabii. Kesi yenyewe lakini ilikuwa tayari mahakamani New York. Mahakama ya chini ilishatoa hukumu mwaka 1959. Skousen alipoandika namba 28 alikuwa anaandika habari iliyokuwa magazetini. Na walioishitaki serikali walikuwa wazazi wa mji mmoja wa Long Island, baadhi yao Wayahudi, ambao hawakutaka watoto wao wasalishwe sala ambayo maofisa wa jimbo wameiandika. Mkristo wa Mwanza ambaye mtoto wake yuko kwenye shule ya dhehebu jingine ataielewa kesi hiyo bila kufundishwa.

Ndoa na talaka ni namba 40. Basi ujue kwamba mwaka 1944 Stalin alitoa sheria iliyofanya talaka kuwa ngumu na ghali, na akaanzisha nishani kwa akina mama wenye watoto wengi. Aliyefikisha kumi aliitwa Mama Shujaa. Namba 26 inahusu ushoga. Urusi ya kikomunisti iliufanya kosa la jinai kwa wanaume mwaka 1934, na kifungu hicho kilidumu kuliko dola lenyewe, hadi 1993. Namba 22 inasema wakomunisti wanataka kuondoa sanamu nzuri kwenye bustani na majengo na kuweka vitu visivyo na umbo. Desemba 1962, mwezi mmoja kabla Herlong hajaiweka orodha kwenye kumbukumbu, Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi, alitembelea maonyesho ya sanaa karibu na Kremlin, akakuta michoro ya namna hiyo hiyo, akawatukana wachoraji mbele ya watu matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye jibu la katibu wa kanisa. Kwa sanamu za bustani, Khrushchev na Skousen wangekubaliana kabisa.

Anayependa orodha atakujibu kwamba hivyo vitu walitaka kutuharibia sisi, si kujiharibia wao. Inawezekana kudhani hivyo. Lakini dhana inatakiwa iletewe karatasi, na baada ya Urusi kuvunjika Desemba 1991 makabati mengi yalifunguliwa. Zilitoka karatasi kweli: fedha zilizotumwa kukisaidia chama cha kikomunisti cha Marekani, majasusi waliopandwa maofisini. Mwaka 1995 Marekani nayo ikatoa ujumbe wa siri wa Warusi iliokuwa imeunasa miaka ya 1940, na ukathibitisha kwamba Julius Rosenberg, Mmarekani aliyeuawa kwa hukumu mwaka 1953, alikuwa jasusi kama alivyoshitakiwa. Hofu ya Wamarekani haikuanzia hewani, na mtu akikuambia majasusi hawakuwepo kabisa, naye mkatalie. Ila wizi wa siri za bomu na sanamu za bustani ni mambo mawili, na Skousen aliyatia kwenye kapu moja.

Tena, orodha ikisomwa yote, inashindwa mara nyingi. Namba 8 ilitaka Ujerumani Mashariki na Magharibi ziwe nchi mbili: ziliungana Oktoba 3, 1990. Namba 35 ilisema FBI itachafuliwa jina na mwishowe kuvunjwa: ipo, na ina bajeti ya mabilioni. Ile ya kuisalimisha silaha Marekani hata usiniulize. Namba ya mwisho kabisa, 45, inahusu sharti moja la kisheria kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambalo hakuna mtu wa kwenye grupu lenu angelielewa, na ndiyo maana haikutafsiriwa. Orodha ndefu yenye maneno mapana ina bahati ya mvuvi mwenye nyavu nyingi: samaki wawili wakinasa watapigwa picha, nyavu tupu zitakunjwa kimyakimya.

Ukitaka kujua namna alivyosoma vyanzo vyake, kuna kisa kimoja kinachotosha. Mwaka 1966 profesa wa Georgetown, Carroll Quigley, alitoa kitabu kikubwa mno cha historia, ambacho ndani yake anazungumzia kundi la matajiri na wasomi wa Uingereza na Marekani waliokuwa na ushawishi. Mwaka 1970 Skousen akatoa kitabu kizima cha kukichambua, akisema Quigley amekiri kuwa mabenki makubwa ndiyo yanayouendesha ukomunisti. Quigley alikuwa hai. Mwaka uliofuata akajibu kwenye jarida la Wamormoni wenyewe kwamba hakuandika hivyo, kwamba hakuiita njama wala haioni kuwa njama, na kwamba Skousen amepotosha maneno yake. Mara chache historia hukupa bahati ya kumsikia anayenukuliwa akikanusha. Na kama mtu alimsoma vibaya profesa aliyekuwa hai na mwenye kalamu, sijui aliwasoma vipi mashahidi wa kamati ambao hawakuwa na pa kujibu.

Kanisa lake nalo lilimchoka kidogo. Mwaka 1971 alianzisha taasisi ya kufundisha katiba na siasa, na mihadhara yake ikawa inatangazwa kwenye ibada. Mwaka 1979 uongozi wa juu wa kanisa hilo, chini ya Rais Spencer W. Kimball, ukaagiza viongozi wa sharika zote Marekani wasitangaze mihadhara ya taasisi hiyo kwenye mikutano ya kanisa. Hawakumfukuza wala kumlaani. Walisema tu: si hapa. Hii nakupa kama silaha, maana wazee wako watasikiliza kanisa kuliko watakavyonisikiliza mimi. Jina lake lilikuwa limeanza kufifia mpaka mwaka 2009, alipokuwa ameshafariki miaka mitatu, mtangazaji Glenn Beck alipokinadi kitabu chake kingine cha 1981, kikapanda upya hadi kileleni mwa mauzo. Ndipo na orodha ikapata uhai mpya, mpaka ikafika kwako.

Bado hujajibiwa swali lako la mwisho, la mtu wa FBI na mambo ya ndani. Wapo waliokuwa ndani kweli, na hata hapo angalia. Gary Aldrich alikaa FBI zaidi ya miaka 25, ya mwisho akiwa Ikulu ya Washington akichunguza historia za watumishi wapya. Alistaafu 1995, na 1996 akatoa kitabu dhidi ya Bill Clinton kilichofika namba moja kwenye mauzo. Kisa kilichovuma kuliko vyote kilikuwa cha rais kutoroka usiku kwenda hotelini, akiwa amejifunika blanketi kwenye kiti cha nyuma cha gari. Waandishi walipofuatilia, mwandishi David Brock akasema hadharani kwamba yeye ndiye aliyempa Aldrich habari hiyo, na kwamba ilikuwa tetesi asiyoweza kuithibitisha. Yaani mtu wa Ikulu alikuwa amepewa uvumi na mtu wa nje, akaurudisha nje ukiwa umevaa suti ya FBI.

Halafu kuna Ali Soufan, mpelelezi wa FBI anayezungumza Kiarabu, aliyechunguza shambulio la meli ya kivita ya Marekani, USS Cole, huko Aden mwaka 2000 na kumhoji mtuhumiwa wa ugaidi Abu Zubaydah mwaka 2002. Kitabu chake cha 2011 kinaeleza chumba alichokaa yeye, swali aliloliuliza yeye, na jibu alilolisikia yeye; na aliposema mateso waliyopewa watuhumiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, hayakuleta habari zilizokuwa zikidaiwa, ripoti ya kamati ya Seneti ya Desemba 2014 ilikuja kuelekea huko huko. CIA ilikata kurasa nyingi za kitabu hicho kwa wino mweusi, na mwaka 2020 kikatoka tena bila wino. Huyo nikimsoma najua amesimama wapi. Kwa Aldrich nilijua amesimama wapi kwenye sura za ofisi yake, nikampoteza alipofika kwenye blanketi. Kwa Skousen sikumwona popote. Yuko maktaba, kama mimi.

Kwenye semina, usiwaambie wazee kwamba wamedanganywa. Watu wazima hawapendi kuambiwa hivyo na katibu wa vijana, na wewe utaonekana umetumwa. Kama wanataka kuzungumzia ndoa na malezi, wana Biblia na wana miaka 40 ya ndoa zao wenyewe, hawahitaji mkuu wa polisi wa zamani wa Utah. Na kama wanaing'ang'ania orodha, kubali isomwe, ila isomwe yote, kuanzia 1 hadi 45, kwa sauti, bila kuruka. Mpe asome mzee yule aliyeanza kuituma. Akifika 43 mwachie amalize sentensi mwenyewe, kisha uniandikie alichosema.